Kubuni muziki kwenye klavie ni kazi ya kujifunza, si kipaji cha kusubiri

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji wenu mmoja, iliyotoka wiki mbili zilizopita, kuhusu vijana wanaopiga klavie, yaani kinanda, katika makanisa yetu ya Lubumbashi. Aliandika mambo mawili. La kwanza ni kwamba kubuni muziki papo kwa papo, yaani kupiga bila karatasi na bila kitu kilichoandaliwa, ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho, na asiye nacho asijihangaishe. La pili ni kwamba kijana anayejaribu kubuni kabla ya kumaliza solfeji, yaani masomo ya kusoma nota, anauharibu mkono wake, na kwamba hiyo ndiyo sababu wengi wao huacha muziki baada ya mwaka mmoja au miwili. Ninamheshimu ndugu huyo, maana inaonekana wazi kwamba anaupenda muziki wa ibada na anaumia anaposikia ukichezewa. Lakini nimefundisha klavie kwa miaka kumi na tisa, hapa Kamalondo na kabla ya hapo Katuba, na niliyoyaona hayapatani na maneno yake. Naomba nafasi katika gazeti lenu nimjibu.

Nianze na kazi yenyewe. Jumapili, wakati wa matoleo, kwaya imeimba wimbo wenye beti nne na imefika mwisho, lakini mstari wa waumini bado haujapungua. Kina mama wa safu za nyuma ndio kwanza wanainuka. Mwimbishaji anashusha mikono, anageuza kichwa na kumtazama mpiga klavie. Kila mpiga klavie wa mji huu anaujua mtazamo ule. Hapo hakuna karatasi itakayomsaidia. Aliyejifunza kubuni atakishika kiitikio kilichokwisha kuimbwa, atakishusha sauti, atapunguza nota hapa na kuongeza nyingine pale, atakipandisha kidogo na kukirudisha nyumbani, huku akifuata kwa macho mwendo wa mstari, mpaka mama wa mwisho aweke bahasha yake kikapuni na kurudi kitini; ndipo atatua taratibu, na padri ataanza sala bila kusubiri wala kukatiza mtu. Asiyejifunza atarudia ubeti wa kwanza mara sita mpaka watu wachoke, au atanyamaza kabisa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kubuni hatuzungumzi juu ya pambo ambalo kijana analiongeza ili asifiwe. Tunazungumza juu ya sehemu ya kazi aliyoitiwa. Wapiga ogani wa makanisa ya Ulaya, hasa Ufaransa, wamebuni kwa sababu hiihii kwa karne nyingi, na huko kubuni ni somo linalofundishwa darasani na kufanyiwa mtihani. Mtu hawezi kutahiniwa katika jambo ambalo halifundishiki.

Sasa, yule aliyejua kukizungusha kiitikio, je, alizaliwa akijua? Tuangalie muziki wa Katanga, mkoa wetu wa zamani. Mwenda Jean Bosco, ambaye wengi wanamkumbuka kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada: gumba kikishika sauti za chini kwa mwendo usiobadilika, na shahada kikitembea juu. Ninawapa wanafunzi wangu wimbo wake «Masanga» wausikilize kwa siku nyingi kabla sijawaruhusu kusema chochote juu yake. Nawaambia wahesabu ni mara ngapi kifungu kilekile kinarudi, kisha waniambie ni mara ngapi kimerudi vilevile. Hapo wanatulia. Kifungu kinarudi na kurudi, lakini safari hii nota moja imechelewa, safari ile sauti ya juu imeingia mapema, safari nyingine katikati pameachwa wazi. Mtu mwenye vidole viwili vinavyofanya kazi na kifungu kimoja cha wimbo amepata mambo mengi ya kusema, na ameyapata kwa sababu kifungu hicho alikijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Hiyo ni siri kubwa ya kubuni, na inafundishika: kijue kitu kidogo sana, kijue mpaka kisikutishe, kisha ukibadilishe kidogo.

Wala Mwenda hakuwa peke yake. Huko Kamina, katika miaka ya 1950, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kundi la wavulana wapatao arobaini na watano pamoja na walimu kumi na watano, na mwaka 1958 wakaimba misa ambayo dunia inaijua kwa jina la Missa Luba. Misa ile haikutungwa kwanza mezani kwa kalamu. Sehemu zake ziliota katika kuimba pamoja, juu ya namna za nyimbo ambazo wavulana na walimu wao walizijua tangu nyumbani, na sauti ziliandikwa baadaye ili wengine waweze kuziimba. Napenda kulikumbuka jambo hili kwa sababu barua ya msomaji wetu inazungumza kana kwamba kubuni ni ugeni ulioletwa na vijana wa simu. Katika Katanga yetu kubuni kuliingia kanisani kwa mlango wa mbele, watoto wa shule wakikuimba kwa Kilatini.

Hata solfeji, ambayo ndugu yetu anaitetea, ina wazee wake waliobuni. Mwaka 1747 Bach, mtunzi wa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, alifika Potsdam kwa Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia; mfalme akampa kifungu cha wimbo, naye akakigeuza palepale kwenye piano kuwa fuga ya sauti tatu, yaani sauti tatu zinazoingia kwa zamu na kufuatana juu ya kifungu kimoja. Alipoombwa sauti sita juu ya kifungu kilekile, hakufanya papo hapo. Alikwenda nyumbani akaiandika. Basi aliyeandika alibuni, na aliyebuni alijua pia ni wakati gani achukue kalamu. Nakubaliana na msomaji wetu kwamba kijana asiyesoma nota atajifungia milango mingi, na wanafunzi wangu wote wanasoma solfeji kila juma. Ninachokataa ni kuwaambia wangoje. Anayengoja amalize solfeji ndipo abuni, mara nyingi anafika mwisho wa solfeji akiwa na mikono inayoogopa.

Nieleze basi jinsi tunavyofanya, kwa sababu maneno matupu hayatoshi. Alinijia binti wa miaka kumi na minne, ambaye alikuwa akisoma nota vizuri kuliko wengi wa umri wake, lakini ukimwondolea kitabu alikuwa anaweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa. Nilimwambia: «Binti yangu, leo una nota tatu tu. Do, re, mi. Mimi nitakuuliza, wewe utanijibu.» Nikapiga do-re-mi, fupi. Akapiga do-re-mi. Nikamwambia: «Hilo si jibu, mama, hiyo ni sauti ya mlima inayorudisha neno lako. Nijibu.» Akakaa. Nadhani ilipita dakika nzima. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, na mimi nilijizuia nisimsaidie. Kisha akapiga mi, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe, akashuka kwenye do. Nota mbili. Lakini zilikuwa jibu, na yeye alijua kwamba ni jibu, maana alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Tulikaa na nota zile tatu kwa majuma matatu. Juma la nne nilimwongezea sol na la. Pale klavie yetu ilitupa somo lake, kwa sababu la ya katikati imekufa tangu zamani: unaibonyeza na husikii kitu. Wanafunzi wamezoea kuizunguka, wengine wanapanda kwenye la ya juu, wengine wanaigeuza kuwa kimya cha makusudi, na vimya vile ni baadhi ya mambo mazuri niliyoyasikia katika chumba kile.

Do, re, mi, sol, la: hizo nota tano zinatosha kumlea mtu kwa mwaka mzima. Anayetaka kuanza leo hahitaji hata kujua majina yake. Aweke mkono wa kulia kwenye vitufe vyeusi peke yake, ambavyo vimepangwa viwili na vitatu, viwili na vitatu, na apige apendavyo. Vile vitano vinafanya gamu, yaani ngazi ya sauti, ya nota tano, ndugu wa gamu ambayo tunaisikia katika nyimbo nyingi za Afrika, na havigombani. Mkono wa kushoto ushike kifungu kimoja kifupi na usikiache. Mtoto wa Lubumbashi hana haja ya kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi, maana amesikia sebene, ile sehemu ya magitaa katika muziki wetu wa dansi, tangu akiwa mgongoni mwa mama yake: gitaa moja linashika kifungu na kukirudia, lingine linakijibu, na watu hawachoki kwa sababu kila duara lina badiliko dogo linalosubiriwa. Shule ya kubuni tunayo mtaani, na si haki kumwambia mtoto aliyekulia ndani yake kwamba hana kipaji.

Pana kosa moja, hata hivyo, ambalo msomaji wetu hakulitaja, na kwangu ndilo linalowarudisha nyuma vijana wengi kuliko ukosefu wa solfeji. Ni kile kitufe cha kuhamisha toni, yaani cha kupandisha au kushusha wimbo mzima, kilichopo karibu katika kila klavie ya umeme. Kijana anajua kupiga katika do peke yake. Mwimbishaji akianzisha wimbo katika mi-bemoli, kijana anabonyeza kitufe, klavie inahama, na vidole vyake vinabaki palepale. Kwa miaka mitano anaonekana anaweza. Kisha siku moja anakaa mbele ya piano ya kweli, yenye vitufe themanini na vinane na isiyo na kitufe cha kuhamisha kitu chochote, na anagundua kwamba amejifunza toni moja kati ya kumi na mbili. Nimewaona wakiinuka kwenye piano na kuondoka bila kuaga. Dawa yake ni ya taratibu, lakini haishindi nguvu za mtu yeyote: chukua kiitikio kimoja tu, chenye akodi tatu, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, ile iliyojengwa juu ya nota ya kwanza ya gamu, ya nne na ya tano, ukipeleke katika toni moja mpya kila juma. Majuma kumi na mawili hayajaisha na mwanafunzi ameanza kuisikia ile akodi ya nne kama mahali, popote pale iwapo, na siyo tena kama vitufe fulani. Tangu hapo kubuni kwake kunabadilika, kwa sababu sasa anajua anakokwenda kabla mkono haujafika.

Nije kwenye suala la kukata tamaa, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Msomaji wetu anaona vijana wanaacha kwa sababu wameanza kubuni mapema. Mimi mwenyewe niliacha, na haikuwa kwa sababu hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Jumapili moja, wakati wa komunyo, nilijaribu kukitoa kiitikio katika toni yake na kukirudisha kwa njia nyingine, nikapotea. Nilitafuta njia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kiongozi wa kwaya alinigeukia akasema, kwa sauti iliyofika safu ya tatu: «Funga hiyo klavie.» Niliifunga. Sikuigusa tena kwa miaka miwili. Sikuwa nimekosa kipaji wala solfeji. Nilikuwa nimekosa mahali pa kupotelea, mahali ambapo mtu anaweza kukosea bila misa nzima kumsikia.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja jirani yetu, mpiga gitaa wa zamani, ambaye jioni alikuwa akikaa mbele ya nyumba yake akipiga. Siku moja aliniita. Nikamwambia: «Papa, mimi sipigi tena.» Akanijibu: «Mwanangu, sikukuita upige, nimekuita unishikie.» Alitaka akodi tatu tu, zisizobadilika, kwenye klavie ndogo ya betri ya mjukuu wake, ili yeye apate kutembea juu yake. Nilimshikia kwa miezi minne, jioni baada ya jioni, hata zile jioni za Juni na Julai ambapo baridi inakaza vidole. Hakuna siku aliyonisifu na hakuna siku aliyonisahihisha. Mwezi wa tatu nilijikuta mkono wangu wa kulia umeanza kumjibu, na yeye akapunguza sauti ya gitaa ili nisikike. Nadhani hicho kitendo cha kupunguza sauti ndicho kilichonifanya niwe mwalimu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2008 watafiti wawili nchini Marekani, Charles Limb na Allen Braun, waliwalaza wapiga piano sita wa jazi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwa na klavie ndogo isiyo na chuma, wakalinganisha ubongo wao walipopiga walichokariri na walipobuni. Walipobuni, sehemu za mbele za ubongo zinazohusishwa na kujichunguza na kujidhibiti zilipunguza kazi yake, na sehemu nyingine, inayohusishwa na mtu kujieleza mwenyewe, iliongeza. Wapiga piano sita ni wachache, na sitaki kuubebesha utafiti ule mzigo usio wake. Lakini ulinigusa, kwa sababu nilikumbuka safu ya tatu. Kijana anayejua kwamba atafedheheshwa akikosea hawezi kuacha kujichunguza hata kwa pumzi moja.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wangu mambo machache, na la kwanza ni kwamba wasipige peke yao siku zote. Wawe wawili, mmoja ashike na mwingine atembee, kisha wabadilishane. Nawaomba pia robo saa ya kila siku badala ya saa tatu za Jumamosi, na umeme ukikatika wasiache: tuna ubao uliochorwa vitufe kwa rangi nyeupe na nyeusi, na mwanafunzi anauweka mezani, anaimba kwa sauti huku vidole vikienda kwenye nota anazoziimba. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa shida tu. Sasa nafanya hata umeme ukiwapo, kwa sababu anayeimba anachokipiga hawezi tena kupiga asichokisikia. Na mwisho wa kila mwezi wanajirekodi kwa simu, dakika mbili, wasikilize baada ya miezi mitatu na si kabla. Mtu hajioni akikua. Kijana anayejilinganisha kila usiku na wapiga piano wa dunia nzima anaowaona kwenye simu yake atajiona mdogo kila usiku. Akijisikia mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, ataona amepita wapi.

Wapo wakubwa walioanzia mahali kama petu. Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Afrika Kusini aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934, alikuwa mjukuu wa mpiga piano wa kanisa la African Methodist Episcopal, na tenzi zile za utotoni bado zinasikika ndani ya jazi yake. Hakuziacha kanisani alipokwenda jukwaani.

Kwa hiyo ombi langu si kwa vijana bali kwa wanaoshika funguo. Katika mitaa ya mji wetu, yaani Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, ziko klavie nyingi, nzuri kuliko hii ninayofundishia, ambazo zinafunikwa kwa kitambaa Jumapili mchana na kufunuliwa Jumamosi ijayo kwa mazoezi ya kwaya. Katikati zinalala siku tano. Naomba maparoko, wachungaji na kamati za kwaya wazifungulie saa mbili tu kwa juma, alasiri moja, bila kwaya na bila hadhira, pawepo mtu mzima mmoja wa kulinda chombo na asiyesema neno. Naliomba pia gazeti lenu, kama nafasi ipo, litaje kila mwezi ni makanisa gani yamefungua mlango huo, ili mzazi wa Kampemba ajue ampeleke wapi mtoto wake.

Na ndugu aliyeandika barua ile, kama yuko hapa mjini, namkaribisha kwa moyo wote Jumamosi, saa tisa alasiri. Binti wa nota tatu sasa ana miaka kumi na saba, na ndiye anayeshika matoleo katika misa ya pili. Atamkuta kwenye klavie, akimshikia akodi mtoto mdogo aliyeanza mwezi uliopita.

Mwalimu wa muziki,
Kamalondo, Lubumbashi